Kabla ya kununua ruta ya bendi mbili, ichunguze kwanza kompyuta

Mtu anayetafuta ruta ya bendi mbili, yaani inayorusha Wi-Fi kwa masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5, kwa ajili ya kompyuta yake mpakato huanza, karibu kila mara, kwa kuuliza kama vifaa hivyo viwili vitapatana. Kwa kawaida vitapatana, na ndiyo maana nasema swali hilo halimfikishi mbali. Ruta hizi hufuata viwango vya Wi-Fi viitwavyo 802.11, vinavyotolewa na IEEE, taasisi ya kimataifa ya wahandisi, na viwango vipya hutungwa kwa namna ambayo kifaa kipya kinaweza kuwasiliana na cha zamani katika bendi ambayo vyote viwili vinaitumia. Linalopaswa kuulizwa ni kompyuta yenyewe ina uwezo wa kupokea nini, kwa kuwa kasi ya mawasiliano hufuata kile kilicho dhaifu kati ya viwili, na katika nyumba nyingi kilicho dhaifu ni kompyuta.

Kinachoamua ni kadi ndogo ya Wi-Fi iliyomo ndani ya kompyuta, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanaponaswa. Kiwango cha 802.11n, kilichopitishwa mwaka 2009, kinaruhusu matumizi ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5, lakini hakimlazimishi mtengenezaji kuziweka zote mbili, hivyo kompyuta nyingi za bei nafuu ziliwekewa kadi inayosikia 2.4 peke yake. Mwenye kompyuta ya namna hiyo ataleta ruta mpya nyumbani, ataiwasha, na jina la mtandao wa gigahezi 5 halitaonekana kabisa kwenye orodha yake. Ruta haina kosa, wala kuirudisha dukani hakutabadilisha chochote. Kiwango cha 802.11ac cha mwaka 2013 hakina utata huo, kwa sababu kimetengenezwa kwa ajili ya gigahezi 5 tu, kwa hiyo kompyuta yenye ac ina uhakika wa kuisikia bendi ya pili.

Kwa anayetumia Windows, uchunguzi huu hauchukui hata dakika moja: afungue dirisha la amri (Command Prompt), aandike netsh wlan show drivers, kisha asome mstari unaotaja aina za redio. Akikuta humo 802.11a au ac, bendi mbili zitamfaa; akikuta b, g na n tu, bila a, kadi yake karibu hakika ni ya 2.4 pekee. Ningependa kila muuzaji wa ruta amwulize mteja habari hii kabla ya kumtajia bei, ingawa najua kwamba biashara haiendi hivyo.

Kisha kuna zile namba kubwa zilizochapishwa kwenye boksi, ambazo binafsi naziona kuwa ni hesabu sahihi inayomwacha msomaji na picha isiyo sahihi. Ruta iliyoandikwa AC1200 imepata 1200 kwa kujumlisha takriban megabiti 300 kwa sekunde za bendi ya 2.4 na 867 za bendi ya 5, ilhali kompyuta mpakato kwa kawaida huunganishwa na bendi moja kwa wakati mmoja, na hata hizo 867 ni kasi ya redio ambayo matumizi halisi hayaifikii. Iliyoandikwa AC1750 hufikia 1300 kwenye gigahezi 5 kwa kutumia mikondo mitatu ya data, kila mkondo ukihitaji antena yake, wakati kompyuta mpakato nyingi zina antena mbili, kwa hiyo zitabaki kwenye 867 zilezile na mwenye nazo atakuwa amelipia mkondo asioweza kuutumia.

Jambo ambalo boksi hulitaja kwa maandishi madogo ndilo ninaloliona zito zaidi, yaani kasi ya matundu ya kebo. Baadhi ya ruta za AC1200 zina matundu ya megabiti 100, na kwa kuwa intaneti huingia kwenye ruta kupitia tundu hilo, mtu aliyelipia kifurushi cha megabiti 200 atapata nusu yake tu hata akikaa na kompyuta kando ya ruta. Kati ya ruta yenye antena sita na yenye matundu ya gigabiti, mimi nitachukua ya pili bila kusita.

Faida ya bendi mbili yenyewe ni ya kweli. Gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini imesongamana: Bluetooth imo humo, mikrowevu huvuruga humo, na chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, ambazo majirani nao wanazigombania. Gigahezi 5 ina chaneli nyingi zaidi, ila nguvu yake hupungua haraka inapokutana na ukuta. Kwa kuwa kompyuta mpakato huhamishwa kutoka chumba hadi chumba, napendelea kuzipa bendi hizo majina mawili tofauti na kuchagua mwenyewe, hasa kwa kompyuta ya zamani ambayo hung'ang'ania bendi moja hata pale nyingine inapokuwa bora.

Kutopatana kwa kweli hutokea katika mambo machache. Ruta iliyowekwa ikubali WPA3 peke yake, ambao ni mfumo mpya wa ulinzi wa Wi-Fi, huzikataa kompyuta zinazojua tu WPA2, mfumo uliotangulia, na dawa yake ni kuchagua mpangilio unaoruhusu zote mbili. Baadhi ya kadi za zamani za Intel zilishindwa hata kuuona mtandao wa Wi-Fi 6, kiwango kilichofuata baada ya ac, mpaka draiva zake, yaani programu zinazoziendesha, ziliposasishwa, kwa hiyo ni busara kusasisha draiva kabla ya kuilaumu ruta.

Kwa mwenye kadi ya 2.4 tu, ushauri wangu ni kuanza na adapta ya USB ya bendi mbili, au kubadilisha kadi ya ndani ikiwa kompyuta yake inaruhusu, kwani kadi nyingine zimelehemewa kwenye bodi na hazitoki. Adapta achague ya USB 3.0, kwa kuwa USB 2.0 ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, ambacho ni pungufu ya kile ambacho bendi ya 5 ingeweza kumpa.