Acha kuchora meno

Mchoraji akipewa ngano ya kutisha, kitu cha kwanza anachochora ni zimwi. Mpe mtu stori yenye msitu, mama wa kambo na mtoto aliyepotea, keshokutwa anakuletea zimwi limepanua mdomo mpaka masikioni, mate yanachuruzika, macho mekundu, na mtoto yuko kule pembeni hata uso hana. Halafu anakuuliza, vipi, inatisha? Haitishi. Mchoro mzuri, shedi zimekaa, manyoya yamechorwa moja moja, ila haitishi, maana ukishayaona meno yote hakuna kilichobaki cha kuogopa, unafunua ukurasa unaendelea na maisha yako.

Mimi msimamo wangu ni kwamba mchoraji wa ngano za namna hii kazi yake siyo zimwi. Kazi yake ni wale watu waliokuwepo zimwi likikua na hawakusema kitu.

Chukua hadithi ya nunda mla watu, ile iliyochapwa tangu 1870 kwenye mkusanyo wa ngano za Zanzibar wa mmisionari Edward Steere. Sultani ana paka wake anampenda. Paka anaanza na ndama, watu wanakwenda kushtaki, sultani anawajibu paka ni wake na ndama ni wake, nyinyi inawahusu nini. Paka anapanda ngazi, anakula mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia, na kila wakishtaki jibu ni lilelile, mpaka paka anakula watu, na sultani bado anamtetea, mpaka siku anawala watoto wake mwenyewe ndipo sultani anagundua kwamba kumbe huyu si paka tena, huyu ni nunda.

Sasa niambie, hapo cha kuchora ni nini? Wengi wataruka moja kwa moja kwa nunda, dude kubwa, kucha, damu. Mimi ningechora ndama. Yaani ukurasa wa kwanza kabisa ni paka mnene, msafi, amelala kwenye mto mzuri, kidevuni kuna unyoya mmoja tu mweupe wa ndama, na mkono wa sultani unamkuna shingoni. Basi. Msomaji anaona unyoya kabla hajasoma neno lolote. Ukurasa unaofuata mkono uleule, paka kaongezeka kidogo, mto umebonyea. Sultani unamweka kwenye pozi lilelile kila mara, hageuzi shingo, ila nafasi yake kwenye karatasi inapungua, na wale wanaokuja kushtaki mlangoni wanapungua pia bila mtu kuwataja. Kufikia ngamia, huna haja ya tone la damu, msomaji keshahesabu mwenyewe nani hayupo.

Nusu ya pili ya hadithi ndiyo zawadi kwa mchoraji. Mtoto mdogo wa sultani anatoka kwenda kumtafuta nunda, anaua mnyama anamburuta mpaka nyumbani anamwimbia mama yake kwamba nimemuua nunda, na mama anamjibu kwa wimbo, mwanangu siye. Anaanza na wanyama wadogo anafika mpaka tembo, na jibu ni siye, siye. Marudio haya wachoraji wengi huyaona mzigo, wanachora mara moja halafu wanaruka. Aisee, usiruke! Tumia fremu ileile, mlango uleule, mama amesimama palepale, badilisha mzoga na badilisha mikono ya mama tu. Mara ya kwanza kaiweka kiunoni, baadaye kakamata fremu ya mlango, mwisho haionekani kabisa. Mtoto anazidi kuwa shujaa na mama anazidi kuisha, na kwenye maneno hakuna sentensi hata moja inayosema hivyo, ndiyo maana ya kuwa na michoro. Nunda mwenyewe anakutwa amelala. Amelala! Hadithi yenyewe imekupa mnyama aliyefumba mdomo, wewe unataka kumfunua wa nini?

Wakubwa wa fani waliijua hii siri. Theodor Kittelsen wa Norway alichora Pesta, yule bibi wa ngano zao anayebeba tauni, akija na reki wachache wanapona, akija na ufagio haponi hata mmoja, wanafagiliwa wote. Mchoro wake wa 1896 unamwonyesha Pesta yuko kwenye ngazi za nyumba anapanda, anatazama juu, na sisi tunaomtazama tuko huko juu. Hajamshika mtu, hana silaha, ni bibi kizee na ngazi. Gustave Doré wa Ufaransa naye mwaka 1862 alimchora yule binti wa kofia nyekundu kitandani na mbwamwitu aliyevaa kofia ya bibi, wamelala ubavu kwa ubavu, hakuna aliyeng'atwa bado. Macho ya binti yanaanza kuelewa, na hapo ndipo Doré alipoacha.

Kuna upande mwingine pia unaonikera, wale wanaotaka kila kitu kiwe kizuri. Mbwamwitu anatabasamu, mchawi ana mashavu, na kila mtu ana macho makubwa. Hili si la leo. Kitabu cha ngano cha ndugu Grimm wa Ujerumani kilipotoka 1812 hakikuwa na michoro, tafsiri ya Kiingereza ya 1823 ikatoka na michoro ya George Cruikshank ya kuchekesha, ikauzika vizuri, nao Grimm wakatoa toleo dogo la 1825 lenye michoro ya ndugu yao Ludwig Emil. Hata maneno yakalainishwa, mama wa Hansel na Gretel, wale watoto wa mojawapo ya ngano zao, aliyewatupa msituni alikuwa mama yao mzazi, mpaka toleo la 1840 ndipo akawa wa kambo. Naelewa biashara ni biashara. Ila mtoto anajua akidanganywa, na mchoro unaocheka juu ya maneno yanayolia anaushtukia haraka kuliko mhariri.

Kuhusu giza lenyewe, tuongee kidogo. Watu wanadhani ngano ya kutisha lazima karatasi iwe nyeusi tii. Kwenye skrini inapendeza, kwenye tableti umeweka leya (tabaka) tano za bluu iliyokoza unaona kila kitu, halafu ikichapwa kwenye karatasi isiyo na mng'ao wino unatanuka na ule msitu wako mzima unakuwa doa. Weusi unahitaji mahali pa kuegemea. Acha nyeupe nyingi, weka weusi sehemu moja, mlango au chini ya kitanda, na usiujaze kitu ndani. Na jamani, usiweke uso wa mtu katikati ya kurasa mbili, mshono wa kitabu utaumeza, isipokuwa kama ndivyo ulivyokusudia, na hapo nakuvulia kofia.

Kingine ni hesabu ya kurasa. Kitabu cha picha mara nyingi ni kurasa 32, na humo toa za jina na hakimiliki, kwa hiyo huna nafasi ya kuchora kila tukio hata ukitaka. Chora vijipicha vya kitabu kizima kwenye karatasi moja kwanza, vidogo kama stempu, kabla hujagusa rangi, utaona wapi unarudia na wapi umelikimbia jambo lenyewe.

Mwenye kitabu atakuja tu kusema anataka nunda aonekane jaladani, na meno. Mpe. Jaladani ni dukani pale, aweke meno anayotaka na rangi achague mwenyewe. Ila ule ukurasa wa unyoya mmoja kidevuni, huo mimi ningeupigania hata kama ni kugombana.