Elimu tunayo, yai limeuzwa

Kuna mwandishi kaandika kwamba watoto wa Iringa wanadumaa (hawakui kwa urefu wa umri wao) kwa sababu sisi akina mama hatuna elimu ya lishe. Mh! Ni kweli utafiti wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani humu wamedumaa, na mahindi yapo tele. Lakini kliniki nilifundishwa vizuri tu: uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usichuruzike, tia karanga za kusaga. Sasa natoka shamba saa kumi jioni, mtoto kashinda kwa bibi na uji mweupe wa asubuhi, mwepesi kama maji. Mayai yameuzwa tupate sabuni. Baba watoto (msinicheke) darasa hilo hajalikanyaga hata siku moja, na hela anashika yeye.