Zimwi likujualo: mwanasoka wa Ireland na ughaibuni usiokuwa Uingereza

Katika kikosi cha wachezaji 23 ambacho Jamhuri ya Ireland ilikiteua kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2002, kila mchezaji alikuwa mwajiriwa wa klabu ya Uingereza. Hapakuwa na hata mmoja kutoka Hispania, Italia au Ujerumani, wala kutoka ligi ya nyumbani. Miaka 12 kabla ya hapo, katika fainali za Italia za 1990, walikuwapo wawili tu waliokuwa wakipokea mshahara wao nje ya Uingereza na Scotland, nao ni washambuliaji John Byrne wa Le Havre ya Ufaransa na John Aldridge wa Real Sociedad ya Hispania, ambaye mwenyewe alizaliwa Liverpool na aliichezea Ireland kwa haki ya asili ya ukoo wake. Katika Euro ya 2016 alikuwapo mmoja tu, Robbie Keane, akiwa Los Angeles na akikaribia kutimiza miaka 36, umri ambao mshambuliaji huchagua klabu kwa hesabu nyingine kabisa.

Orodha kama hizi ndizo zilizozaa usemi kwamba mchezaji wa Ireland anaogopa ugenini. Wanaousema huorodhesha sababu: hajui lugha, hapendi chakula cha watu, anakumbuka nyumbani, anataka kwenda mahali atakapowakuta wenzake. Ni tuhuma inayovutia masikio, lakini inagongana na historia ya watu wenyewe. Taifa ambalo watoto wake wametapakaa Boston, New York, Sydney na Liverpool haliwezi kutuhumiwa kirahisi kwamba linaogopa safari. Wanasoka wao nao hawakuwahi kubaki nyumbani. Johnny Giles aliondoka Dublin kwenda Manchester United akiwa kijana mdogo katika miaka ya 1950, na Liam Brady alikwenda Arsenal akiwa na miaka 15, umri ambao wazazi wengi hawamruhusu mtoto kulala hata kwa jirani. Kwa hiyo swali linahitaji kurekebishwa kabla ya kujibiwa. Waairishi wameondoka siku zote. La kuuliza ni kwa nini wote wamepita lango moja.

Sisi tukisema mchezaji wetu “anacheza nje”, tunamaanisha kwamba amevuka mpaka na kuingia katika nchi ya watu wengine. Kwa kijana wa Dublin au Cork, Uingereza ni nchi ya watu wengine kisheria, lakini kimaisha haiko nje sana. Ndege ya kutoka Dublin hadi Liverpool haifikishi hata saa moja angani. Karibu kila familia ina shangazi au mjomba Manchester, Coventry au London. Kijana huyo amekua akitazama ligi ya Uingereza katika televisheni na kuvaa jezi ya Liverpool au Manchester United, na kocha wake wa mtaani anamfahamu skauti wa klabu kubwa kwa jina. Isitoshe, chini ya makubaliano ya zamani ya usafiri kati ya nchi hizo mbili, raia wa Ireland huishi na kufanya kazi Uingereza bila kibali chochote. Wahenga wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sidhani kama kuna methali inayoueleza uhusiano huu vizuri zaidi, kwa sababu Uingereza imewala vijana wengi wa Ireland. Wamechukuliwa wakiwa watoto, wameachishwa shule, wameachwa na klabu wakiwa na miaka 18 au 19, wakarudi kwao bila mkataba na bila cheti. Hata hivyo wadogo zao wakafuata njia ileile, kwa kuwa madhara yake yalikuwa yanajulikana.

Upande wa pili wa hoja una mifano yake, na mifano hiyo ina uzito. Keane, kabla ya kuzeekea Marekani, alinunuliwa na Inter Milan mwaka 2000 kwa takriban pauni milioni 13 akiwa na miaka 20. Kocha aliyemtaka, Marcello Lippi, alitimuliwa msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza, na kufikia Desemba kijana alikuwa amepelekwa Leeds kwa mkopo bila kufunga hata bao moja la ligi. Hapo hapakuwa na kosa la mchezaji kushindwa kuizoea tambi. Palikuwa na kocha mmoja kuondoka na mwingine kuja na watu wake, jambo linalotokea pia Birmingham na Sunderland. Lakini somo walilolichukua wengi nyumbani lilikuwa jingine: kama Keane ameshindwa, nani ataweza?

Kisa cha Aldridge ni cha kutafakariwa zaidi, kwa sababu yeye hakushindwa uwanjani. Alifika Real Sociedad mwaka 1989, klabu ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa ikichezesha Wabasque tu, yaani wenyeji wa jimbo lake la kaskazini mwa Hispania, akapokewa kwa maandishi ya chuki ukutani, kisha akajibu kwa mabao 33 katika mechi 63 za ligi. Kwa kipimo chochote, hayo ni mafanikio makubwa. Alirudi mwaka 1991, akajiunga na Tranmere iliyokuwa daraja la pili, na sababu kubwa ilikuwa kwamba familia yake haikuweza kuzoea maisha ya huko. Mwenye kudai kwamba suala la lugha na upweke ni kisingizio anapaswa kumjibu Aldridge kwanza. Mchezaji ana mazoezi, ana wenzake chumbani, ana mashabiki wanaoliimba jina lake. Mkewe ana kuta nne, na watoto wana mwalimu wasiyemwelewa.

Dhidi ya visa hivyo husimama jina moja kubwa. Brady aliondoka Arsenal mwaka 1980 akaenda Juventus, wakati Italia ilikuwa imefungua tena milango yake kwa wachezaji wa kigeni baada ya kuifunga kwa miaka mingi, na kila klabu iliruhusiwa mgeni mmoja tu. Alitwaa ubingwa mara mbili mfululizo. Ule wa pili, Mei 1982, aliuhakikisha yeye mwenyewe kwa penalti dhidi ya Catanzaro siku ya mwisho ya ligi, akiwa anajua tayari kwamba nafasi yake imechukuliwa, kwa sababu Michel Platini na Zbigniew Boniek walikuwa njiani. Mtu mwingine angepakia virago na kurudi London. Brady alibaki Italia miaka mitano zaidi, akazichezea Sampdoria, Inter na Ascoli. Naona watetezi wa ujasiri humtaja Brady kupita kiasi, kwani mchezaji wa kipaji chake angefaulu popote na hawezi kuwa kipimo cha beki wa kawaida wa daraja la pili. Lakini anathibitisha walau kwamba hakuna kitu katika hewa ya Dublin kinachomzuia mtu kujifunza Kiitaliano.

Ushahidi unaonishawishi zaidi hautoki kwa wanaume. Kwa miaka mingi klabu za wanawake za Uingereza hazikuwa na fedha, na wachezaji wa kike wa Ireland walijua hivyo. Wakaenda walikolipwa. Denise O'Sullivan, mzaliwa wa Cork, alifika North Carolina Courage ya Marekani mwaka 2017 na kujijengea jina huko kwa misimu mingi. Beki Louise Quinn alikwenda Eskilstuna ya Sweden na baadaye Fiorentina ya Italia. Stephanie Roche, ambaye bao lake akiwa Peamount United lilimweka nafasi ya pili katika tuzo ya Puskás ya 2014, tuzo ya FIFA ya bao bora la mwaka, alikuwa ameshasajiliwa na klabu ya Albi nchini Ufaransa wakati dunia inamtazama. Hawa walitoka katika miji ileile, wakala chakula kilekile, wakasoma shule zilezile. Kama hofu ya ugeni ingekuwa tabia ya taifa, ingewashika nao. Tofauti yao na kaka zao ni kwamba kwao Uingereza haikuwa imeandaa meza.

Kwa wanaume meza hiyo imekuwa ikiandaliwa kwa miongo. Daraja la pili la Uingereza hulipa mishahara ambayo klabu nyingi za daraja la juu Uholanzi, Ubelgiji au Ureno haziwezi kuifikia. Mchezaji wa kawaida anayepewa kuchagua kati ya Preston na klabu ya katikati ya msimamo wa ligi ya Uholanzi hasiti kwa woga. Anahesabu, na hesabu yake ni sahihi. Tena yuko karibu na macho ya kocha wa timu ya taifa, jambo ambalo si dogo. Beki Jake O'Brien alimaliza msimu mzima wa 2023/24 akiwa nguzo ya Lyon katika ligi kuu ya Ufaransa, na mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa ya wakubwa akaipata Juni 2024, msimu ukiwa umekwisha. Ni vigumu kuamini kwamba beki aliyekuwa akicheza kila wiki katika ligi kuu ya Uingereza angesubiri kiasi hicho.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ilivurugwa na wanasiasa. Uingereza ilipokamilisha kujitoa katika Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2021 klabu zake zilipoteza ruhusa ya kusajili vijana wa kigeni walio chini ya miaka 18, kwa kuwa kanuni ya FIFA inayoruhusu uhamisho wa vijana wa miaka 16 hadi 18 inazihusu nchi zilizo ndani ya eneo la Ulaya lililoungana. Njia waliyopita Giles na Brady ikafungwa kwa kalamu. Mara moja majina ya Ireland yakaanza kuonekana Italia: Kevin Zefi akatoka Shamrock Rovers kwenda Inter, Cathal Heffernan akatoka Cork City kwenda Milan, James Abankwah akasajiliwa na Udinese kutoka St Patrick's Athletic. Ndani ya miaka miwili lile lililodaiwa kuwa tabia ya asili lilikuwa limeanza kubadilika, na ni kanuni iliyolibadilisha.

Lakini wenye shaka watasema, tena kwa haki, kwamba tusishangilie mapema. Heffernan hakukaa sana Milan kabla ya kusajiliwa na Newcastle United. Abankwah naye ameishia Watford. O'Brien mwenyewe, baada ya msimu mmoja mzuri Lyon, aliuzwa Everton kwa dau kubwa mara nyingi kuliko lile Lyon ililolipa. Kwa wengi, basi, bara la Ulaya limekuwa barabara ya kuzunguka tu, na mwisho wa safari bado ni kulekule. Hata safari ya O'Brien kwenda Ubelgiji na Ufaransa ilipitia mikononi mwa mwekezaji mmoja, John Textor, aliyekuwa na hisa Crystal Palace na pia kuzimiliki Molenbeek na Lyon. Hakugonga mlango wa mgeni. Alihamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine cha nyumba ileile.

Troy Parrott ndiye anayenifanya nisiikubali hoja hiyo yote. Huyu ni mtoto wa katikati ya Dublin aliyekwenda Tottenham kwa njia ya zamani, kabla haijafungwa, kisha akazungushwa kwa mikopo Millwall, Ipswich, MK Dons na Preston hadi watu wakaanza kumzungumzia kama kipaji kilichopotea. Mkopo wa Excelsior ya Rotterdam ndio uliomfufua, na mwaka 2024 alifanya uamuzi ambao wengi wa rika lake hawakuwahi kuufanya: aliondoka Uingereza moja kwa moja, akasaini AZ Alkmaar. Septemba mwaka huohuo alifunga mabao manne katika mechi moja dhidi ya Heerenveen. Novemba 2025 aliifungia Ireland mabao mawili dhidi ya Ureno, na siku tatu baadaye, mjini Budapest, akafunga matatu dhidi ya Hungaria, la mwisho likiwa la dakika ya 96, likaipeleka nchi yake katika mchujo wa Kombe la Dunia. Mabao hayo matano hayakutokana na kuzoea jibini la Alkmaar. Yalitokana na kucheza kila wiki, kitu ambacho Uingereza ilimnyima kwa miaka sita huku ikimlipa vizuri.

Hapo ndipo ninapoiona hesabu ya zamani ikianza kupinda. Ilikuwa sahihi zama ambazo klabu za juu za Uingereza zilijaza nafasi zao kwa vijana kutoka Ireland, Scotland na Wales. Leo klabu hizohizo hutafuta vipaji dunia nzima, na kijana wa Cork anagombea benchi na Mbrazili pamoja na Mfaransa. Mshahara bado upo, lakini dakika za kucheza zimepungua, na mchezaji wa miaka 20 asiyecheza anaula mtaji wake mwenyewe. Kwa upande mwingine, mchezaji wa Ireland ana kitu ambacho Mwingereza hana tena. Pasipoti yake inamfungulia Milan na Rotterdam kama raia wa Ulaya, na ileile inamfungulia Manchester bila kibali. Ana funguo mbili mfukoni, na bado mkono wake huutafuta ule mmoja uliochakaa.

Februari 2025 Tottenham ilikubaliana na St Patrick's Athletic kumnunua mshambuliaji Mason Melia, kwa ada iliyovunja rekodi ya ligi ya Ireland. Melia alikuwa na miaka 17. Sheria ingemruhusu kwenda Italia, Ujerumani au Uholanzi wiki ileile, lakini ilimzuia kwenda London. Alibaki Dublin, akasubiri afikishe miaka 18, akasubiri msimu uishe, na Januari 2026 akavuka maji kwenda klabu ambayo Parrott alilazimika kuiacha ili apate kucheza.