Mawaidha Tumeshiba

Jumamosi nimeshinda kwenye ukumbi mmoja Brampton nikisikiliza wakubwa wetu wakiwafunda vijana waliofika Kanada karibuni namna ya kuingia kwenye kazi za taaluma. Sambusa zilikuwa nzuri, hilo nalikubali. Yaliyobaki yalinichefua.

Msemaji wa kwanza alisema usichague kazi. Wa pili akasema usichague kazi, kwa sauti kubwa zaidi. Wa tatu ni meneja wa benki, na najua fika kwamba anaajiri watu. Yeye akatusimulia alivyotua na begi moja, akaosha vyombo, Mungu akamfungulia njia. Binti mmoja, injinia wa ujenzi aliyesoma Mlimani, akanyoosha mkono: "Shikamooni. Nimepeleka maombi mengi, sijaitwa hata mahali pamoja. Nifanyeje?" Akajibiwa aanze na PSW, yaani kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa, wazee wa kuhudumiwa wapo tele. Makofi.

Kuhudumia wazee ni kazi ya heshima. Mama yangu mdogo amesomesha watoto kwa kazi hiyo hiyo. Na sawa, mwenye nyumba hapokei kodi kwa digrii, kwa hiyo mtu akaingia ghala usiku ili ale, nani atamlaumu? Lakini hayo ndiyo yawe malezi ya taaluma, jamani?

Nilimfuata yule binti nikamwomba nione CV yake. Kurasa nne. Picha ya pasipoti juu, tarehe ya kuzaliwa, dini, "sijaolewa", kama tulivyofundishwa nyumbani. Huku hayo yote yanatolewa. Mwajiri hataki hata kuyaona, asije akaambiwa amebagua. Kwenye uzoefu kaandika kwamba "alishiriki katika shughuli za eneo la mradi". Shughuli zipi, mwanangu? Ndipo akaanza kunieleza. Yeye ndiye aliyekuwa akipima zege lori likifika: unajaza koni kwa tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia kwa fimbo mara 25, unainyanyua koni taratibu, unapima zege limeshuka kiasi gani. Siku moja lilishuka kupita kiasi akakataa lori zima. Msimamizi alimtukana mbele ya vibarua, dereva akapiga honi, yeye hakusaini. Lori likarudi.

Mtu mwenye msimamo wa namna hiyo kajiandika "alishiriki". Na ukumbi mzima wa watu wenye vyeo, hakuna hata mmoja aliyemwuliza alikuwa akifanya nini hasa.

Mtaniambia mfumo ndio mbovu. Ni mbovu kweli. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilishasema tangu 2013 kwamba kumdai mgeni uzoefu wa Kanada ni ubaguzi kwa mtazamo wa kwanza. Wahandisi wa jimbo hili walisubiri mpaka Mei 2023 ndipo wakafuta sharti la mwaka mmoja wa uzoefu wa humu ndani ili upate leseni. Tangu Januari 2026 sharti la uzoefu wa Kanada halitakiwi kuonekana hata kwenye matangazo ya kazi ya waajiri wenye wafanyakazi 25 na zaidi. Vizuri. Tangazo limesafishwa, ila anayezisoma CV ni yule yule, na nafasi nyingi zinajazwa kabla hazijatangazwa, kwa sababu kuna mtu ndani aliyesema "namjua mmoja". Majirani zangu Wapunjabi hufanyiana hivyo bila kongamano wala bango la WhatsApp. Sisi tunaogopa.

 

Hofu yenyewe naijua: nikimtaja akaboronga, jina langu litachafuka. Ina ukweli wake. Lakini wewe uliyemdhamini shemeji kwenye mkopo wa gari ukiwa unamjua fika, leo ndiyo umekuwa mwangalifu? Na hakuna aliyekwambia umtaje usiyemjua. Kaa naye kwanza, msikilize, msahihishe, mfanyishe usaili wa majaribio mpaka aache kuangalia chini anapojisifia. Kisha piga simu. Kama huwezi kuanza peke yako, TRIEC, shirika la kuwasaidia wahamiaji kupata kazi za fani zao hapa Toronto, wanawaunganisha wageni na watu wa fani zao tangu 2004. Nenda ukajiandikishe.

CV ya binti sasa ina kurasa mbili, lori limo. Anatafuta maabara ya kupima zege au kampuni ya barabara, Mississauga hadi Hamilton, na baridi haimtishi. Kama uko ndani ya mojawapo, niandikie nikuunganishe naye. Kama una maneno ya kumtia moyo tu, baki nayo.