Pikipiki ya Zamani ya Magurudumu Manne: Pima Kwanza, Spea Baadaye

Pikipiki ya magurudumu manne ya miaka ya 1980 au 1990 ikigoma kuwaka, mwenyewe huambiwa anunue: plagi, koili (inayotoa umeme wa cheche), betri, mwishowe kabureta nzima (inayochanganya petroli na hewa). Zoea hili nalipinga kwa moyo wote. Nyingi ya mashine hizi hazina kompyuta. Hufunguliwa kwa spana za kawaida, na karibu kila kitu ndani yake kinaonekana, kinashikika au kinapimika. Ukinunua spea kwa kubahatisha, unaitupa faida hiyo.

Anza na cheche. Chomoa plagi, ichomeke kwenye kofia yake, iguse chuma cha injini mbali na tundu la silinda na petroli yoyote, kisha piga stata. Hakuna cheche? Koili isubiri. Kagua swichi ya kuzimia kwenye usukani, halafu waya wa hasi pale unapofungwa kwenye fremu, kwa sababu kutu ya hapo huzima mengi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi; injini ikinguruma, mita ipande hadi karibu 14. Isipopanda, betri mpya nayo itakufa vilevile.

Cheche ikiwepo, mimi huiangalia kabureta kabla ya kingine chochote. Petroli iliyokaa miezi huacha utando kama vanishi, na kinachoziba kwanza ni jeti ndogo ya sailensi, yaani kitundu kinachopitisha petroli injini ikinguruma bila kuongezewa mafuta. Dalili yake haijifichi: injini inawaka kwa choki, ukiirudisha choki inazima. Fungua kikombe cha chini, toa jeti hiyo, iinue kwenye mwanga. Unapaswa kuona kitone cha duara kilicho safi. Ukiona giza, au mwanga uliokatwa upande mmoja, ugonjwa umeupata. Usiichokoe kwa waya wa chuma, maana shaba ni laini na tundu likitanuka vipimo vimeharibika. Loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha pulizia upepo. Kabureta ya asili iliyosafishwa vizuri naiamini kuliko nakala mpya ya bei rahisi, kwa kuwa jeti zake zilichaguliwa kwa ajili ya injini ileile.

Boksi la filta ya hewa nalo lifunguliwe. Panya hupenda kujenga humo.

Kinachosahaulika zaidi ni tapeti, yaani vyuma vinavyosukuma valvu zifunguke. Valvu zikizama taratibu kwenye viti vyake, nafasi ya tapeti hupungua hadi valvu isifunge sawasawa, mgandamizo ukavuja na injini ikawa ngumu kuwaka. Pima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu mwisho wa mpigo wa kugandamiza, ufuate kipimo cha kitabu cha modeli yako. Ukishazirekebisha na mgandamizo bado uko chini, hapo ndipo nakubali kufungua silinda na kuulizia ringi za pistoni.