Kabla ya Kuandika Msimbo, Isome Namba kwa Sauti

Mpe anayejifunza kuandika programu kazi ya kugeuza 342 kuwa "three hundred and forty-two", na mara nyingi atakimbilia kibodi. Nami nilikimbilia. Nikapanga masharti juu ya masharti: ikiwa namba iko chini ya 20 fanya hivi, ikiwa chini ya 100 fanya vile, mpaka msimbo ukawa msitu. Siku hizi ushauri wangu ni mmoja: isome namba kwa sauti kwanza.

Soma 342,342,342. Utasikia mdomo ukirudia maneno yaleyale mara tatu, na kila kipande kikibandikwa jina lake: cha kwanza "million", cha pili "thousand", cha mwisho hakina jina. Kumbe kazi ni fanksheni moja (kipande cha msimbo chenye kazi yake) inayojua kusoma 1 hadi 999, na kitanzi, yaani msimbo unaojirudia, kinachoigawanya namba kwa 1,000 huku kikichukua baki, ambayo ni tarakimu tatu za mwisho. Siku ukitaka kufika trilioni, unaongeza maneno kwenye orodha tu.

Maneno yenyewe yaandike yote kwenye orodha, bila ujanja. Anayejaribu kuunda makumi kwa kuunganisha "ty" kwenye tarakimu atapata "threety" na "fivety". Hata panapoonekana salama pana mtego: "four" na "fourteen" zina herufi u, "forty" haina.

Sifuri ndiyo iliyonitoa jasho. Katika Kiingereza hutajwa inapokuwa peke yake. Ikiwa ndani ya namba kubwa hunyamaziwa. Programu yangu ilisoma 999,999 vizuri kabisa, nikaamini nimemaliza. Nikaiongezea moja. Ikajibu: "one million thousand". Kipande cha kati kilikuwa 000, fanksheni ikarudi mikono mitupu kama inavyopaswa, lakini kitanzi kikabandika jina la "thousand" juu ya utupu. Dawa yake ni mstari mmoja: kipande kikiwa sifuri, kiruke na jina lake. Kuupata mstari huo kulinichukua jioni nzima, kwa sababu nilikuwa natafuta kosa kwenye hesabu, na hesabu ilikuwa sawa.

Halafu kuna "and". Wamarekani wengi huiacha, Waingereza huisema. Wengi wanaofuata Kiingereza cha Uingereza hukumbuka kuiweka baada ya "hundred", wakaisahau kwenye 1,001, ambayo ni "one thousand and one" ingawa haina mia yoyote. Chagua Kiingereza kimoja tangu mwanzo na ukifuate hadi mwisho. Hata "billion" ilikuwa na utata huo: Waingereza waliitumia kwa milioni milioni, hadi serikali yao ilipotangaza mwaka 1974 kwamba itaitumia kwa maana ya milioni elfu moja.

Wapo wanaoiona kazi hii kuwa zoezi la wanafunzi tu. Sikubaliani nao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za malipo inasema kiasi cha maneno kikitofautiana na cha tarakimu, kinacholipwa ni cha maneno. Kwa hiyo programu inayojaza hundi ikikosea neno, imekosea fedha yenyewe.

Sasa nimeanza ya Kiswahili, nikidhani itakuwa rahisi, maana "kumi na moja" yetu imenyooka kuliko "eleven". Nikasoma kwa sauti, nikakwama mapema: "elfu ishirini na tano" ni 25,000 au ni 20,005? Kwa 25,000 nimeamua programu iandike "ishirini na tano elfu", kama wengi wanavyosema wanapotaka wasieleweke vibaya, na "elfu ishirini na tano" ibaki kuwa ya 20,005.