Caravaggio alimchora kardinali au mzee tu?

Picha ya mchoraji Mwitalia Caravaggio ya Mtakatifu Yeronimo, mfasiri wa Biblia, akiandika, iliyoko Galleria Borghese mjini Roma, ina jambo moja la ajabu: mzee haandiki. Anasoma. Macho yamezama kitabuni, na mkono wa kulia wenye kalamu ya unyoya umenyooka juu ya meza kuelekea kwenye fuvu, kana kwamba mwenyewe ameusahau. Aliyewahi kufasiri anaujua mkono huo. Neno limegoma kuja.

Wapo wanaosema picha hii ni silaha ya Kanisa, na hoja yao si nyepesi. Ilichorwa mnamo 1605 au 1606, ikawa mali ya Kardinali Scipione Borghese, mpwa wa Papa Paulo V. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ulikuwa umeshatamka mwaka 1546 kwamba Vulgata, Biblia ya Kilatini ya Yeronimo, ndiyo ya kutegemewa, huku Waprotestanti wakirudia Kiebrania na Kigiriki, lugha za asili za Biblia. (Yeronimo mwenyewe alikirudia Kiebrania, akalaumiwa kwa hilo, lakini tuyaache.) Na lile joho jekundu alilovikwa pichani? Mzee alifariki mwaka 420, ilhali kofia nyekundu za makardinali zilianza karne ya 13. Kumvika rangi hiyo ni kumketisha miongoni mwa wakubwa wa Roma.

Hoja hiyo naikubali nusu, kwa sababu ya vitu ambavyo mchoraji hakuviweka. Simba wa hadithi, yule ambaye Yeronimo alimtoa mwiba, hayupo. Malaika hayupo. Kofia nayo haipo, ingawa katika Yeronimo mwingine aliyemchora Malta mnamo 1607 au 1608 imetundikwa ukutani waziwazi. Kwa hiyo si kwamba hakuijua. Hapa amebakiza kipara kinachong'aa upande mmoja na fuvu linalong'aa upande wa pili, umbo lilelile, katikati mkono mkavu wa mtu aliyechoka. Utakatifu wenyewe ni uzi mwembamba wa mwanga juu ya kichwa. Ukipita haraka huuoni.

Ila wekundu ule unanisumbua. Kama ni mzee tu, mbona nguo imetanda hivyo kwenye turubai? Hapo wa upande wa kwanza wananibana. Ninachoweza kuwajibu ni kwamba nimejaribu kuifunika kwa kiganja kwenye nakala ya kitabuni, na jicho likakimbilia fuvu moja kwa moja, likampita mzee na kazi yake.